Mama wa Ohio na Gari Lisiloharibika

Kati ya mwaka 2021 na 2022 nilimiliki magari manne. Sikuwahi kuendesha hata moja. La kwanza lilikuwa SUV nyeupe kule Ohio, Marekani, na mimi nilikuwa mama wa miaka 47 mwenye watoto wawili na mbwa. La nne lilikuwa pikapu ya Texas. Ukweli ni kwamba muda huo wote nilikuwa nimeketi kitandani kwenye bedsita ya Kahawa West, nimeacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, na laptopu yangu ilikuwa inawaka tu ikiwa kwa stima.

Kazi ilikuwa kujaza hojaji. Jamaa mmoja alikuwa na akaunti kadhaa za kampuni za utafiti za ng'ambo, ambazo sitazitaja, na alikuwa akitukodishia kwa siku. Unawasha programu ya kuficha mahali ulipo, unakuwa Mmarekani, unaanza kujibu. Unapenda sabuni gani? Unaiamini benki gani? Na mara moja moja, kwa malipo mazuri kidogo: gari lako linaendeleaje?

Swali moja nalikumbuka vizuri. Katika miezi 12 iliyopita, umepata tatizo lolote la giaboksi? Mara ya kwanza nilijibu ndiyo, nikidhani mtu mwenye shida ataonekana mkweli zaidi. Nilijuta. Ile ndiyo moja ilinifungulia msururu wa maswali: lilianza lini, lilirekebishwa wapi, uligharamika kiasi gani, gari lilikaa gereji siku ngapi. Ukijibu hapana, unapelekwa ukurasa unaofuata. Malipo ni yale yale. Tangu siku hiyo giaboksi zangu zote zikapona. Mama wa Ohio hakuharibikiwa na kitu tena hadi nilipoacha kazi.

Mambo haya ningeyaacha yalale kama si mjomba wangu.

Mwaka jana alipunguzwa kazi katika kiwanda alichofanyia miaka 16. Akaamua kuchukua mkopo wa SACCO anunue gari dogo la mtumba, aingie biashara ya teksi. Mdhamini wake wa kwanza alikuwa mamangu, yaani dadake. Maana yake ni rahisi: gari likikataa kufanya kazi, akiba ya mamangu inakatwa. Jioni moja mjomba akanitumia picha kwenye WhatsApp, orodha ya magari kumi "yanayotegemeka zaidi", kila moja na alama yake, na chini yake sauti: "Wewe ni mtu wa kusoma. Niangalilie kama hii kitu ni ya ukweli ama ni ya kutuuzia."

Mimi ni mtu wa kusoma aliyeacha masomo. Lakini pia nilikuwa mtu pekee katika ukoo wetu aliyewahi kukaa upande wa pili wa orodha kama ile. Nikamwambia anipe wiki mbili.

*

Nilianzia mwaka 1936, kwa sababu mwaka huo yalitokea Marekani mambo mawili ambayo, ukiyaweka pamoja, yanaeleza karibu kila kitu.

La kwanza ni aibu ya jarida la Literary Digest. Jarida hili lilikuwa na sifa ya kutabiri uchaguzi wa rais. Mwaka huo lilituma kadi za maoni kwa watu takriban milioni 10, na zaidi ya milioni mbili wakazirudisha. Hebu fikiria ukubwa wa hesabu hiyo. Jarida likatangaza kwamba Alf Landon atamshinda Franklin Roosevelt kwa urahisi. Roosevelt akashinda majimbo 46 kati ya 48.

Sasa tuulize: hao watu milioni 10 majina yao yalitoka wapi? Kwa sehemu kubwa, kwenye vitabu vya namba za simu na kwenye orodha za usajili wa magari. Ilikuwa miaka ya njaa na ukosefu wa kazi. Mtu aliyekuwa na simu na gari wakati huo hakuwa sawa na jirani yake aliyekuwa anapanga foleni ya mkate, na hawakuwa na sababu ya kupiga kura sawa. Halafu kuna wale ambao kadi iliwafikia wakaitupa. Chini ya robo ndio walijibu, na mtu anayejisumbua kurudisha kadi mara nyingi ni mtu mwenye jambo linalomchoma. Wakati huohuo George Gallup, akitumia watu wachache sana wakilinganishwa na hao, alimtaja mshindi kwa usahihi. Haikupita miaka miwili, Literary Digest likawa limekufa.

Jambo la pili la 1936 halikupiga kelele hivyo. Mwaka uliotangulia, wafanyakazi wa shirika moja la kupima bidhaa huko New Jersey, Consumers' Research, walikuwa wamegoma. Baadhi yao wakajitoa na kuanzisha shirika lao, Consumers Union, na jarida ambalo baadaye lilikuja kuitwa Consumer Reports. Sharti lao lilikuwa moja gumu: hawatachukua matangazo ya biashara. Pesa zitoke kwa wasomaji. Bidhaa wanunue dukani wenyewe kama mteja yeyote.

Kufikia miaka ya 1950 walikuwa wameanza kuwatumia wasomaji wao hojaji kuhusu magari: gari gani, la mwaka gani, limeharibika nini. Majibu yakageuzwa kuwa majedwali ya viduara vyekundu na vyeusi, na Wamarekani wengi wakawa hawaendi kununua gari bila kuyaangalia kwanza. Miaka ya karibuni uchunguzi huo umekuwa ukikusanya habari za magari zaidi ya 300,000 kwa mwaka.

Nilipofika hapo nilitaka kumpigia mjomba nimwambie orodha ni safi. Watu hawauzi matangazo, wameuliza wengi, kwisha. Lakini Literary Digest nalo lilikuwa limeuliza wengi.

Consumer Reports huwauliza wanachama wake. Mtu anayelipia jarida la kumfundisha kununua vitu kwa akili si mtu wa kawaida. Pengine hubadilisha oili kwa wakati. Pengine alinunua gari lile kwa sababu jarida lilimwambia ni imara, na sasa anaulizwa kama ni imara. Wakosoaji wamelisema hili kwa miaka mingi, na jibu la watetezi lina uzito pia: tabia hizo ni za wanachama wote, awe wa Toyota au wa Chevrolet, kwa hiyo ukilinganisha gari na gari, mizani haiegemei upande mmoja sana. Nakubaliana nao nusu. Nusu ile nyingine iko kwenye neno "tatizo".

Hojaji yao humtaka mwenye gari ataje matatizo aliyoyaona kuwa makubwa, kwa sababu ya gharama, usalama au muda uliopotea. Nani anaamua kwamba ni kubwa? Yeye mwenyewe. Mlango unaolia ni tatizo kubwa kwa mtu aliyetoa mamilioni akiahidiwa starehe. Kwa dereva wa matatu ya Githurai, mlango unaolia ni mlango unaofungika.

Tena kuna vile viduara. Kiduara hakikuambii gari lina matatizo mangapi. Kinakuambia liko wapi likilinganishwa na wastani. Zamani, wakati magari mabovu yalikuwa mabovu kweli, umbali kati ya kiduara cha juu na cha chini ulikuwa kama wa Nairobi na Kisumu. Magari yalivyozidi kuboreka, umbali huo ukapungua, lakini viduara bado vikawa na cha juu na cha chini. Wa mwisho darasani anaweza kuwa amepata alama 78.

*

Mtu wa pili ambaye lazima nimtaje ni James David Power, aliyefahamika zaidi kama Dave. Mwaka 1968 alianzisha kampuni yake ya utafiti, J.D. Power, akifanyia kazi kwenye meza ya jikoni nyumbani kwake California. Mkewe Julie alikuwa akihesabu hojaji zinazorudi kwa posta. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wakiwauliza wenye magari ya Mazda yenye injini ya rotari, teknolojia mpya iliyokuwa ikisifiwa kila mahali, na Julie akaona lalamiko moja likijirudia: pete za mpira za kuzibia ndani ya injini zilikuwa zinakufa gari likishatembea maili nyingi. Habari zikafika kwenye gazeti la Wall Street Journal mwaka 1973, na jina la Power likajulikana.

Hadithi hii naipenda, na nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyohitaji. Mama mmoja na rundo la karatasi mezani wakagundua jambo ambalo mteja wa kawaida asingelijua. Hakukuwa na orodha ya kumi bora wala tuzo. Kulikuwa na kasoro moja, yenye jina, katika injini moja, na maili ambazo kasoro hiyo huanza kujitokeza. Ukiwa na habari kama hiyo, unajua cha kumuuliza muuzaji.

Kisha biashara ikaingia. Mwaka 1984, wakati wa fainali ya Super Bowl, Subaru walirusha tangazo la televisheni lililotaja matokeo ya J.D. Power. Baada ya hapo kila kampuni ikataka tuzo yake. Utaratibu uko hivi: kampuni ya magari hailipii kushindanishwa, lakini ikishinda na inataka kutumia jina la tuzo hiyo kwenye tangazo, inalipa leseni. Zaidi ya hapo, wanunuzi wakubwa wa takwimu zenyewe kwa undani ni hao hao watengenezaji wa magari. Sisemi matokeo yanapikwa. Nasema kwamba palipo na pesa kwa kila mshindi, vikombe huongezeka: gari dogo bora, gari dogo la kifahari bora, pikapu kubwa bora. Mwishowe karibu kila tangazo lina kikombe chake.

Uchunguzi wao maarufu zaidi, ulioanza mwaka 1987, huangalia siku 90 za kwanza za gari jipya. Nakurudishia hiyo namba polepole: siku tisini. Hesabu yao ni idadi ya matatizo kwa kila magari 100. Na tatizo ni lolote ambalo mwenye gari amelilalamikia. Mwaka 2003 Hummer ilikuwa ya mwisho, na lalamiko kubwa la wenyewe lilikuwa kwamba gari linakunywa mafuta. Mtu amenunua kifaru, kisha anashangaa hakinywi kama pikipiki. Mwaka 2011 Ford iliporomoka kutoka nafasi ya 5 hadi ya 23, na lawama nyingi zilikuwa za skrini mpya ya kugusa ambayo wateja hawakuielewa. Kwenye jedwali, skrini inayochelewa na injini inayokufa zote huhesabiwa kuwa tatizo moja.

Kuna pia uchunguzi wa magari yenye umri wa miaka mitatu, na huo kwa maoni yangu una maana zaidi. Lakini shikilia huo mwaka wa tatu akilini. Tutaurudia tukifika Mombasa.

*

Labda unasema: sawa, watu wanatofautiana, lakini kwa jumla wenye magari wanajua magari yao. Nami nilikuwa nafikiri hivyo, mpaka nikasoma habari za kiwanda cha Fremont, California.

Mwaka 1984 General Motors na Toyota walifungua pale kiwanda cha pamoja, NUMMI. Kwa miaka mingi yalitoka humo magari mawili yaliyokuwa karibu pacha: Toyota Corolla na lingine lililobandikwa jina la Kimarekani, ambalo kwa muda mrefu liliitwa Geo Prizm. Kiwanda kimoja, wafanyakazi wale wale, injini za Toyota kwa yote mawili. Ungedhani soko lingeyapa bei moja. Halikuyapa. Kwenye soko la mitumba Prizm liliuzwa rahisi kuliko pacha wake, na wajanja walioujua undugu huo walijinunulia Corolla kwa bei ya chini.

Jina liliwafanya watu waone magari mawili palipokuwa na moja. Sasa mpe mwenye jina kubwa hojaji. Akipata hitilafu atasema bahati mbaya. Mwenye jina dogo akipata hitilafu ile ile atasema "nilijua tu". Consumer Reports wenyewe walinaswa kidogo na mtego wa jina. Kwa miaka mingi walikuwa wakipendekeza modeli mpya za Toyota hata kabla takwimu zake hazijakusanywa, wakiamini historia. Oktoba 2007, baada ya matoleo kadhaa ya Toyota, likiwemo Camry la V6, kupata alama za chini ya wastani, walitangaza kwamba upendeleo huo umekwisha. Nawapa heshima kwa kulitangaza. Wengi wangenyamaza.

Ambao hawakutangaza ni wa Ujerumani. Kule kuna chama cha wenye magari kinachoitwa ADAC, chenye wanachama mamilioni, na magari yake ya manjano huja kukuokoa ukikwama barabarani. Kwa sababu wanaokoa wengi, wana takwimu za aina tofauti: hawakuulizi unahisi vipi, wanaandika gari limezima wapi na kwa nini. Mjerumani humwamini ADAC kama shosho anavyomwamini daktari wake wa miaka yote.

Mwezi Januari 2014 gazeti la Süddeutsche Zeitung likafichua kwamba katika kura ya chama hicho ya gari linalopendwa zaidi, hesabu zilikuwa zimechezewa. Volkswagen Golf, mshindi, ilidaiwa kupata kura 34,299. Kura halisi zilikuwa 3,409. Mkuu wa mawasiliano wa ADAC akakiri na kuondoka, na mwezi uliofuata rais wa chama akajiuzulu. Kampuni za magari zikarudisha vikombe. Kumbuka kwamba Golf ingeshinda tu. Kilichowasumbua ni kwamba kura 3,409 kutoka kwa chama cha mamilioni zilionekana chache mno, wakaona aibu. Basi wakaziongeza.

Nilipoisoma hiyo nilifunga laptopu nikatoka nje kidogo. Mimi nilidanganya kwa sababu ya senti chache na stima ya tokeni. Yule mzee wa Munich alikuwa na mshahara.

*

Na kwetu je?

Wazee wetu walikuwa na uchunguzi wao, uliokuwa ukifanyika kila Pasaka. Safari Rally ilianza mwaka 1953, na kwa miongo kadhaa ndiyo iliyomwambia Mkenya gari gani lina uti wa mgongo. Mwaka 1963 yalianza magari zaidi ya 80. Yaliyofika mwisho yalikuwa saba. Mwaka 1968 ikawa hivyo tena: saba tu. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki ndani ya Peugeot 404. Ongeza ushindi wa 404 wa mwaka 1966 na 1967, kisha wa 504 mwaka 1975 na 1978, na utaelewa kwa nini kuna mzee kijijini kwenu ambaye hadi leo ukitaja gari anasema "Pijo".

Ukiipima kwa macho ya Gallup, hii ni sampuli ya ajabu. Gari moja, dereva mmoja hodari kupita kiasi, na timu ya mafundi wanaolisubiri njiani na spea mkononi. Hata hivyo, ilikuwa na kitu ambacho hojaji ya Ohio haina: barabara zilikuwa zetu. Matope yale ndiyo yaliyomsubiri mnunuzi akitoka dukani.

Tulichonacho leo ni kinyume. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na kwa sababu ya bei, wengi wetu hununua lililokaribia kikomo hicho. Kwa hiyo gari linaposhuka bandarini Mombasa, uchunguzi wa siku 90 umeshasahaulika, na ule wa mwaka wa tatu pia umepita zamani. Maisha yake ya Kenya yanaanzia pale takwimu za Wamarekani zinapoishia. Na hapo bado hatujasema kwamba Probox, Fielder na Premio hazikuwahi kuuzwa Marekani. Mama wa Ohio hata angekuwa mkweli kama malaika, hana la kutuambia kuhusu Probox.

Ile orodha ya mjomba, nilipoikagua, ilikuwa na magari sita ambayo hayapatikani hapa na manne yanayofanana majina na ya hapa lakini yana injini tofauti. Mtu aliinakili mahali, akaipamba rangi, akaiachilia kwenye magrupu.

*

Nilimpelekea mjomba ripoti kwa mdomo, tukinywa chai kwa mamangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, Ujerumani na yote. Kisha akauliza, "Sasa ninunue gani?"

Ndipo nikawaambia habari za akaunti. Sikuwa nimewahi kumwambia mtu nyumbani. Mamangu, aliyekuwa akidhani wakati ule nafanya "kazi ya kompyuta", alinyamaza kwa muda halafu akasema, "Yaani kuna mtu alinunua gari kwa sababu ya mdomo wako." Nikamwambia labda sivyo, kwamba watafiti makini huwatafuta wenye magari kupitia rekodi za usajili au orodha ya wanachama ili watu kama mimi wasiingie, na kwamba zile hojaji zangu sijui hata zilienda wapi. Yote ni kweli. Hakuna moja lililobadilisha uso wake.

Mjomba ndiye aliyetuokoa. Akasema, "Basi twende tuulize sisi."

Tulianzia Grogan, kwa fundi anayemjua. Mjomba akamtajia modeli aliyoipenda. Fundi akacheka. "Hiyo? Hiyo ninafungua kila siku. Hiyo achana nayo." Tukiwa njiani kurudi kwa stage tukahesabu magari ya modeli hiyo yaliyotupita, tukachoka kuhesabu. Ndiyo maana anaifungua kila siku. Ukimuuliza daktari mtaa gani una wagonjwa wengi, atakutajia mtaa wenye watu wengi.

Halafu tukaenda kwa madereva wenyewe, pale wanapoegesha Roysambu wakisubiri wateja. Tulizungumza na 14 kwa siku mbili. Nilikuwa nimeandika maswali yangu kwenye daftari, na la kwanza lilikuwa: gari hii imewahi kukusumbua? Wengi walisema zii, haina shida kabisa. Mmoja, kijana wa rika langu, alisema haijawahi kumsumbua hata siku moja. Mjomba akamuuliza, "Na giaboksi?" "Giaboksi nilibadilisha Machi." "Si umesema haijakusumbua?" Kijana akamwangalia kama mtu asiyejua maisha. "Mzee, hiyo si shida. Hiyo ni sevisi."

Tulifuta lile swali. Badala yake tukawa tunauliza: mara ya mwisho gari ililala gereji ilikuwa lini, na ulitoa pesa ngapi? Hapo kila mtu akakumbuka. Walikumbuka hadi siku ya wiki. Ukiuliza kama gari ni nzuri, mtu anakujibu kuhusu uamuzi wake wa kulinunua. Ukiuliza alilipa ngapi, anakujibu kuhusu gari.

Kwa hiyo, zinaaminika? Jibu langu, msomaji, ni la mtu aliyewahi kuzichafua. Ziamini zinapokubaliana na hazijuani: wenye magari waseme hivi, wanaookoa magari barabarani waseme hivyo hivyo, na wakaguzi wa magari huko Ujerumani au Japani wasipingane nao, tena kwa miaka kadhaa mfululizo. Usiamini tofauti ya nafasi ya tatu na ya saba. Tafuta kasoro yenye jina, kama zile pete za Mazda, kwa sababu kasoro yenye jina unaweza kuifungulia boneti ukaiangalia. Uliza nani aliulizwa, alipatikana vipi, na alikuwa anapata nini kwa kujibu. Na uliza gari hilo lina spea Kirinyaga Road, maana gari imara lisilo na spea huharibika mara moja tu.

Mjomba hakununua modeli ya kwanza, wala hakununua chochote kwenye orodha. Alinunua ile ambayo madereva waliitaja kwa bili ndogo na ambayo spea zake zinauzwa hadi vibandani. Sampuli yetu ilikuwa ya watu 14 wa mtaa mmoja, na Gallup angetucheka. Gari lina miezi minane sasa.

Wiki iliyopita lilikataa kuwaka asubuhi. Ilikuwa betri, jambo linaloongoza pia kule kwa Wajerumani. Mjomba ana daftari analoliweka chini ya kiti, lile lile nililoanzia maswali Roysambu. Anaandika kila kitu humo: tarehe, kilomita, kilichoharibika, pesa. Alinipigia simu akiwa bado gereji, akanisomea alichoandika, kisha akaniuliza kama betri ni shida ama ni sevisi.

Nikamwambia aandike shida.